Bahari yetu si Ziwa Ontario
Makala moja inapendekeza ofisi za katikati ya Mombasa zipoozwe na mtambo mmoja wa pamoja, unaozipelekea maji baridi kwa mabomba, kwa mfano wa jiji la Toronto, Kanada. Wazo ni zuri, ila mfano una walakini: Toronto huvuta maji ya nyuzi 4 hivi kutoka kina cha mita 83 katika Ziwa Ontario, ilhali bahari yetu karibu na ufuo huwa nyuzi 25 au zaidi karibu mwaka mzima, kwa hiyo hapa maji ya chumvi yatafaa kupokea joto linalotolewa na mashine za kupoozea za mtambo huo, wala si kupooza vyumba moja kwa moja. Haja ipo, apitaye Barabara ya Nkrumah akidondokewa na maji ya viyoyozi hahitaji kuelezwa. Waanze na benki zilizopakana, kabla ya kufukua barabara nzima kulaza mabomba.