Kanisa la St John's, Smith Square: Ibada Ilipoondoka, Muziki Ukaingia

Usiku wa tarehe 10 Mei 1941, mabomu ya Wajerumani yaliliteketeza Kanisa la St John's, Smith Square, lililo jirani na Bunge la Uingereza jijini London. Zilibaki kuta na minara, na gofu hilo likakaa bila paa kwa zaidi ya miaka 20. Lilipofunguliwa tena mwaka 1969 halikuwa kanisa bali ukumbi wa muziki, na aliyeimba katika onyesho la ufunguzi ni Joan Sutherland, mwimbaji mashuhuri wa opera kutoka Australia. Je, ilikuwa haki kuigeuza nyumba ya ibada kuwa mahali pa kuingia kwa tiketi? Swali hilo halijazeeka, kwa sababu makanisa mengi ya Ulaya yamepungukiwa na waumini na yanatafutiwa kazi nyingine.

Hoja ya wanaopinga ina mizizi katika historia ya jengo lenyewe. Mwaka 1711 Bunge lilipitisha sheria ya kujenga makanisa mapya 50 kwa ajili ya wakazi wa London waliokuwa wakiongezeka, na fedha zake zikatokana na ushuru wa makaa ya mawe yaliyoingia jijini. Yaliyojengwa hayakuzidi sana 12, na hili la Smith Square, kazi ya msanifu Thomas Archer iliyokamilika mwaka 1728, ni mojawapo ya makanisa ya mtindo wa Baroko (usanifu wa fahari wa Ulaya ya karne ya 17 na ya 18) yenye sura ya kipekee zaidi nchini humo, kwa minara yake minne iliyosimama mmoja kila pembe. Kwa hiyo kila aliyenunua makaa ya kupikia alilichangia, hata maskini, ili yeye na wanawe wapate mahali pa kusali bila kuulizwa wana nini mfukoni. Mtu akisema kwamba mlango wenye tiketi umeivunja ahadi hiyo, sioni namna ya kumpuuza.

Hata hivyo, ahadi hiyo ilikuwa imekwisha kukosa wa kuidai. Parokia iliunganishwa na ile ya St Stephen, na hapakuwa na waumini wa kutosha wa kubeba gharama ya kujenga upya. Njia nyingine ilikuwa kuliacha gofu liwe kumbukumbu ya vita, kama ilivyofanywa katika mji wa Coventry, Uingereza, ambako magofu ya kanisa kuu la zamani yalihifadhiwa kando ya jipya lililowekwa wakfu mwaka 1962. Ninaiheshimu njia hiyo, lakini nadhani isingelifaa jengo la Archer. Usanifu wa Baroko unaishi ndani: katika upana wa nafasi, katika nguzo kubwa zinazolivuta jicho juu, katika mwanga unaoingia kwa madirisha marefu. Ukiondoa paa, umebakiza ganda.

Hapa ndipo muziki unapostahili kusikilizwa kama hoja na si kama mpangaji tu. Kuta ngumu na dari ya juu huirefusha sauti, na kwaya ikiimba noti za mwisho za wimbo, mwangwi huendelea kuzibeba baada ya waimbaji kufunga vinywa. Muziki wa karne ya 17 na ya 18 uliandikwa kwa vyumba vya namna hiyo. Kuusikia humo ni kuuelewa. Lakini sifa hiyohiyo ni kasoro kwa kazi nyingine. Okestra kubwa yenye ngoma na tarumbeta nyingi hujaza nafasi hadi sauti zikachanganyika, na piano inayopigwa kwa kasi hupoteza ukali wa vidole. Ukumbi unaolazimika kuuza tiketi mwaka mzima hushawishika kukubali kila aina ya muziki, na kila unapofanya hivyo unadhoofisha sababu bora ya kuwapo kwake.

Wapo pia wanaouliza kama kilichookolewa ni cha kale kweli. Marshall Sisson, msanifu aliyelijenga upya, aliufuata mpango wa Archer, hivyo sehemu kubwa ya tunachokiona ndani ni kazi ya miaka ya 1960. Kinanda kikubwa cha mabomba nacho kina historia mbili: sanduku lake la mbao lililochongwa ni la karne ya 18 na lilitoka kanisa la St George's huko Great Yarmouth, ilhali kinanda chenyewe kilitengenezwa na kampuni ya Klais ya Ujerumani mwaka 1993. Mimi sioni udanganyifu hapo, maadamu wageni wanaelezwa wazi kipi ni cha zamani na kipi ni kipya.

Linalonitia wasiwasi ni fedha. Jengo la ukubwa huo halitunzwi kwa tiketi peke yake, na kulikodisha kwa karamu na hafla za watu binafsi ni rahisi kuliko kuandaa tamasha. Ndiyo maana naona kuungana kwake mwaka 2021 na Southbank Sinfonia, okestra inayowapa posho na mazoezi ya mwaka mzima wanamuziki vijana waliomaliza masomo, kuwa hatua nzito kuliko ukarabati wowote wa karibuni. Sasa jengo lina wenyewe wa kudumu, wanaolihitaji kwa kazi ya kila siku. Kilichobaki kudaiwa ni viti vya bure, au vya bei ndogo sana, kwa wakazi wa Westminster, eneo la London lilipo jengo hili, wasio na uwezo, na hilo liandikwe katika bajeti badala ya kuachiwa hisani ya msimu.