Mbona maji mafu yamesahauliwa?
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema umeme wa maji kujaa na kupwa ukichanganywa na wa jua na upepo, giza kwetu litakwisha. Nakubali nusu. Nimekulia Unguja, na babu hakuhitaji saa kujua maji yatajaa lini, alihesabu siku za mwezi tu. Hapo bahari imelishinda wingu kwa kutabirika. Lakini ndugu, maji mafu, zile siku bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, umeyaacha wapi? Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari hupanda na kushuka karibu mita 4. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu: ni kama mita 1 hivi. Na mkondo ukipungua kasi kwa nusu, nguvu inayobaki ni sehemu 1 kati ya 8! Sasa upepo wa kusi umetulia, maji mafu, jua limetua: taa itawashwa na nani? Betri ziwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Wafaransa wana La Rance, kituo cha umeme wa maji kujaa na kupwa, tangu 1966, megawati 240, ila nyuma yake kuna gridi kubwa, yaani mtandao wa umeme wa nchi, ya kuegemea. Sisi Unguja, umeme tunaoletewa kutoka Tanzania bara ulipokatika Desemba 2009, tulikaa gizani takriban miezi 3. Pampu zikasimama, tukarudi kisimani na ndoo.