Mchungaji, mwulize na anayemtunza

Kila nikisikia tangazo la kuwaombea wagonjwa majumbani, nawaza: na binti anayemwogesha mama asiyemtambua tena, yeye ataombewa lini? Kwa mgonjwa wa kitandani makanisa yetu yamejipanga. Wazee wa kanisa wanafika, chakula cha Bwana kinapelekwa, kinamama wanabeba sukari na sabuni. Ila kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu tunakwama mlangoni. Anatembea, anakula, mwili mzima! Basi inasemwa ana mapepo, au ni mchawi, au "uzee tu huo".

Si uzee tu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea ulikuta zaidi ya 6 katika kila 100 wana demensia, kiwango kisichopishana sana na cha nchi tajiri. Ni ugonjwa wa ubongo, na haukemewi. Nimeshuhudia maombi ya kufunguliwa: bibi kashikwa kichwa, watu wanapaza sauti, yeye anatetemeka akimwita mama yake aliyezikwa zamani. Usiku ule hakulala, wala mkwewe hakulala. Ule ni ukatili, hata ukifanywa kwa jina la Yesu.

Huko Uingereza, mjini Alton, Debbie Thrower alianza mwaka 2010 huduma ya kichungaji kwa wazee iliyopewa jina la Ana, yule nabii mjane wa Luka 2 ambaye hakuondoka hekaluni. Imeenea sana kwao. Sisemi tuichukue kama ilivyo. Wahudumu wao wengi huwafuata wazee kwenye makao ya kutunzia wazee, na wa kwetu wako nyumbani, nyuma ya migomba. Ninachokipenda ni kwamba kuna mtu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, na familia inajua atarudi.

Mtu huyo ajue lugha ya nyumbani. Shangazi yangu wa Machame, Kiswahili kimeanza kumtoka. Lakini anzisha Baba Yetu kwa Kimachame uone: anaidaka, anakwenda nayo hadi amina, vidole vikisokota pindo la kanga. Halafu anakuja mgeni wa kanisa na salamu ya "Bibi, unanikumbuka?" Mtihani wa nini? Taja jina lako, vuta kigoda, kaa.

Ukishakaa, mgeukie anayemtunza. Mara nyingi ni binti au mkwe, ameacha biashara yake ya sokoni, na kwaya alishaiaga. Kaka zake wanatuma hela na ushauri, hasa ushauri. Mahubiri juu ya kuwaheshimu wazazi hayahitaji, anayaishi. Anachohitaji ni mtu wa kushika zamu Jumapili asubuhi, anayejua kwamba bibi hunywa uji wa vuguvugu na huogopa mlango ukifungwa, ili yeye aende ibadani, au akalale tu. Kamati ya diakonia, ile ya kuhudumia wahitaji, inaweza kuipanga zamu hiyo wiki hii, bila kusubiri mfadhili.