Uzi Mmoja Ukikatika, Harusi Nzima Inapanda

Korosho zikishalipwa, Mtwara harusi zinafuatana hadi unakosa shati safi. Sisi wa bendi ya mtaani Chikongola tunauombea msimu kuliko wakulima wenyewe. Mwenye vyombo ni Mjomba: spika zake, jenereta lake, kinanda chake, kwa hiyo na maamuzi yake. Kwetu huku mjomba wa kawaida tu ni mtu mzito. Sasa fikiria mjomba mwenye jenereta.

Gitaa letu la zamani lililiwa na hewa ya chumvi, kutu hadi kwenye vifungio. Mjomba akaagiza jingine la mtumba Dar es Salaam, likaja kwa basi limeviringishwa kwenye gunia. Nembo imefutika, lakini umbo ni lile la Stratocaster, ambalo mtengeneza magitaa Leo Fender alilitoa Marekani mwaka 1954 na mpaka leo linaigwa na kila kiwanda. Kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungiwa tumboni, kumechomekwa fimbo ya chuma iliyopinda.

"Hiki nini, mpwa?"

"Mkono huo, Mjomba. Ukiukandamiza, nyuzi zinalegea na sauti inashuka. Ukiuachia, inarudi."

Akaukandamiza. Sauti ikashuka, ikarudi. Akaukandamiza tena, akaupenda. Shangazi akatoka jikoni kuuliza nani anaumwa.

Daraja la namna hii halijapigiliwa kwenye ubao. Mbele limeegemea skrubu, nyuma linaelea, na chini yake kuna bonge la chuma linalotokea mgongoni mwa gitaa. Huko mgongoni kuna springi zinazolivuta bonge upande mmoja. Juu, nyuzi sita zinalivuta daraja upande wa pili. Nguvu hizo zikilingana, daraja linatulia na unapiga kwa amani. Zisipolingana, hakuna amani kwa mtu yeyote. Nilimweleza Mjomba yote haya. Aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kununua nyuzi nene.

Gitaa lilikuja na nyuzi za 0.009 ya inchi. Yeye akavisha za 0.011, kwa hoja kwamba nene hazikatiki. Nyuzi nene zinahitaji kuvutwa kwa nguvu zaidi ili zitoe sauti ileile, kwa hiyo zikazishinda springi. Mkia wa daraja ukainuka, nyuzi zikapaa mbali na shingo, vidole vikaanza kulia. Nikikaza uzi wa sita, ule wa kwanza unashuka. Nikirudi kwa wa kwanza, wa sita hayupo tena. Mpiga besi wetu, ambaye daraja la gitaa lake limepigwa skrubu na kufia hapohapo, akasogeza kiti cha plastiki ili aone vizuri.

"Kumbe ni kama ukoo wetu," Mjomba akasema. "Umkaze mmoja, wengine wote wanalegea."

Nikamwambia dawa iko mgongoni: zipo skrubu mbili ndefu zilizoshika kile kipande cha chuma ambacho springi zimening'inizwa. Zikikazwa, springi zinavuta zaidi. Au tuongeze springi. Mjomba akasema mambo ya mgongoni yanataka fundi, akamleta fundi redio.

Fundi akafungua kifuniko, akachungulia, akatangaza kwamba springi zimebana mno. Akakamata moja kwa koleo. Sikuwahi hata kusema "taratibu". Springi ilipita juu ya kichwa cha mpiga besi, ikagonga bati la banda na kutua kwa kuku, na jogoo akaiwahi. Tukamkimbiza jogoo uani, Mjomba mbele, mpaka akaitema karibu na karo. Tuliporudi, fundi alikuwa amekumbuka kwamba ameacha redio ya mtu dukani.

Kwa hiyo nikaachiwa kifaa. Nikarudisha springi, nikakaza zile skrubu nusu mzunguko, nikatyuni nyuzi zote, nikakaza tena kidogo, nikatyuni upya, hadi daraja likalala sambamba na ubao. Hapa hakuna njia ya mkato, na anayekwambia ipo muulize jogoo wake yuko wapi. Nikamalizia kwa kupaka risasi ya penseli kwenye vijia vya nyuzi pale juu shingoni, maana uzi ukikwama pale, ukiuachia mkono haurudi ulipotoka.

Harusi ilikuwa Magomeni ya hapahapa Mtwara. Maharusi wanaingia, bibi harusi anahesabu hatua kama alivyofundishwa, sisi tuko polepole kabisa. Uzi wa tatu, ule mnene usiokatika, ukakatika.

Kwenye gitaa la daraja lililokufa, ungepoteza uzi mmoja tu. Kwenye hili, nyuzi zilizobaki hazikuweza tena kuzizuia springi. Daraja likavutwa nyuma, na nyuzi tano zikapanda karibu nusu toni, kila mmoja kwa kiasi chake. Dada yetu mwimbaji, anayesikiliza gitaa, akapanda nalo. Mpiga besi akabaki chini. Bibi harusi akasimama mguu mmoja hewani.

Mpiga kinanda ni kijana mwepesi. Akabonyeza kitufe cha kuhamisha kii, akatufuata juu. Ingeishia hapo tungesalimika. Lakini Mjomba alikuwa ameshapanda jukwaani, ananinong'oneza: "Si ulisema ukiukandamiza inashuka?" Akaushika mkono wa gitaa, akaukandamiza.

Na kweli, sauti ikashuka, ikafika karibu na ilipokuwa. Sasa kinanda kikawa juu peke yake.

Tukaendelea hivyo, watu wawili gitaa moja: mimi vidole, Mjomba mkono. Kwa kuwa mkono wake ulikuwa unatetemeka, kila noti ilitetemeka. Mshereheshaji akatangaza kwamba hiyo ni staili mpya kutoka Dar. Ukumbi ukalipuka. Shangazi wa bwana harusi akaja na vigelegele, akambandika Mjomba noti ya elfu kumi kwenye paji la uso. Mjomba akainua mkono kushukuru, bendi ikaruka juu. Akaukandamiza haraka, tukarudi. Wakadhani ni sehemu ya wimbo, wakaja wengine kumtuza. Mimi sikupata hata mia.

Baadaye nilikwenda kwa mchonga vinyago nikaomba mabaki ya mpingo. Ukibana vipande vya mbao pande zote mbili za lile bonge la chuma, daraja haliendi popote: uzi ukatike, nyingine zibaki sawa. Mchongaji aliuliza kama achonge na sura. Nikasema hapana. Akachonga, na meno juu.

Mjomba akazuia kipande cha pili. Akataka kimoja tu, upande wa shingoni, ili daraja lisivutwe nyuma uzi ukikatika lakini mkono uendelee kushusha. Nakiri alikuwa amelielewa daraja kuliko nilivyodhani.

Siku hizi akipokea oda ya harusi anawatajia watu bendi yote: solo, rizimu, besi, kinanda, ngoma, mkono. Na mkono unalipwa sawa na solo. Mpiga besi ameanza kuuliza kama na besi lake linaweza kuwekewa.