Siku za Mwisho Kabla ya Kura, Muulize Mtu Atafikaje

Uchaguzi ukikaribia, hapa Lamu, visiwani pwani ya Kenya, hatukosi watu wa kutueleza umuhimu wa kura. Redio inasema, chifu anasema, shekhe msikitini anasema, na kuta za mtaa wa Langoni zinajaa mabango. Mimi nilijitolea na vijana wenzangu wa mtaa katika siku za mwisho za uchaguzi wa Agosti 2022. Hatukuwa watu wa mgombea yeyote. Tangu hapo nina msimamo ambao sijaona sababu ya kuubadilisha: mtu aliyejiandikisha akangoja miaka mitano hana haja ya hotuba zikibaki siku mbili. Muulize atatoka nyumbani saa ngapi, kitambulisho chake kiko wapi, na atapanda chombo cha nani.

Hilo la chombo ndilo zito kuliko yote.

Takwimu za nchi nzima zinatia huzuni. Mwaka 2013 walijitokeza karibu asilimia 86 ya waliojiandikisha. Mwaka 2017 wakashuka chini ya 80, na 2022 wakawa kama 65. Zaidi ya watu milioni saba walikuwa kwenye daftari na hawakuonekana kituoni, katika uchaguzi ambao mshindi wa urais alimpita mwenziwe kwa kura 233,211. Hapa kwetu, kaunti yenye wapiga kura wachache kuliko zote Kenya, mambo huwa membamba zaidi. Ugavana wa 2017 uliamuliwa kwa tofauti isiyofika hata kura mia tano. Hao ni abiria wa maboti machache tu.

Wachambuzi wa Nairobi husema watu wamekata tamaa. Wapo waliokata tamaa, hasa vijana, nami siwalaumu. Lakini nilipokuwa napita nyumba kwa nyumba na kupiga simu, wengi niliozungumza nao walikuwa wanaitaka kura yao. Kilichowazuia kilikuwa na jina na bei.

Fikirini hali yetu. Sheria inamtaka kila mtu apige kura pale alipojiandikisha, hata hiyo ya rais. Mwenye kazi hapa Amu, yaani mji wa Lamu, lakini jina lake liko Siyu, kisiwani Pate, ni lazima afike Siyu. Mvuvi wa Kizingitini aliye dago, kambini mwa wavuvi, hana budi kurudi. Wakata mikoko huko ndani ya mito, mafundi waliokwenda Malindi na Mombasa, wasichana wanaofanya kazi kwenye nyumba za wageni Shela, wote wana kijiji kwenye daftari na maisha mahali pengine. Na Katiba imeuweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti, ambapo upepo wa kusi bado unavuma na bahari imechafuka. Boti za Faza na Kizingitini zenyewe hufuata maji. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, haupitiki na kila chombo maji yakitoka. Ukienda Pate maji yakiwa yamekupwa, utashukia gati la Mtangawanda kisha utembee au utafute pikipiki. Mtu mzima mwenye magoti mabovu akiyafikiria hayo yote alfajiri, anaweza kugeuza ubavu akalala, na hakuna mwenye haki ya kumwita mvivu.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni hawezi kulijua. Manahodha nao ni wapiga kura. Siku ile wengi wao wanataka kuwa vijijini kwao, kwa hiyo boti za kawaida hupungua siku hiyohiyo ambayo abiria wameongezeka.

Ndiyo maana kazi yetu iligeuka kuwa ya maswali madogomadogo. Umeshahakikisha kituo chako? Unajua kwamba karatasi ya kungojea kitambulisho haikubaliki, na kinachotakiwa ni kitambulisho au pasipoti uliyojiandikishia? Watoto utamwachia nani? Kuna wanawake waliojibu maswali yote vizuri, kisha kwenye la watoto wakanyamaza. Hapo tulimtafuta jirani aliyepanga kupiga kura asubuhi, tukawapatanisha: huyu akirudi, yule aende. Kwa sababu vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo ikifika haachwi, zamu za namna hiyo zinawezekana kabisa. Lakini lazima zipangwe mapema. Siku yenyewe kila mtu amechanganyikiwa.

Bibi mmoja wa Mkomani, ambaye macho yake yamekuwa mazito, aliniambia ameamua kubaki nyumbani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, mara ile nilisaidiwa na karani. Nikalitaja jina na mawakala wote wa vyama wamesimama wanisikiliza. Siwezi tena." Niliumia sana kumsikia. Sheria inamruhusu aingie na mtu wake mwenyewe anayemwamini, mradi awe amefika miaka 18 na asimsaidie mpiga kura mwingine siku hiyo. Mawakala husimama pale msimamizi wa kituo anapolazimika kumsaidia yule asiyekuja na mtu. Bibi huyu hakuna aliyewahi kumweleza. Ana wajukuu nyumba nzima! Alikwenda na mmoja wao. Ningependa kila shekhe na kila mwalimu wa madrasa alitangaze jambo hili moja tu, aache mengine yote, maana wazee wetu wana haya na heshima yao, na siri ya kura ni sehemu ya heshima hiyo.

Sasa chombo. Kampeni hukoma saa 48 kabla ya siku ya kupiga kura, na mwaka ule mikutano ilikwisha jioni ya tarehe 6. Majukwaa yaliponyamaza, simu zikaanza. Boti ya fulani itatoka usiku, jina lako limo? Wagombea wana pesa za mafuta na wanajua kabisa kwamba watu hawana. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inakataza kumhonga mpiga kura, lakini boti ya usiku haina risiti, na anayeilipia atasema amewasaidia tu ndugu zake.

Nimewasikia watu ninaowaheshimu wakisema, "Panda boti ya yeyote, kura ni siri, ukifika fanya utakalo." Naielewa hoja hiyo, na kwa mtu asiye na njia nyingine siwezi kumkataza. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, mtu anayekaa saa mbili kwenye boti na watu wa mgombea, anakula chakula chao na kurudi nao, anaulizwa, na wengi wetu hatukulelewa kula cha mtu kisha kumdanganya usoni. Wagombea wanautegemea uungwana huo. Pili, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, boti ya mgombea haimchukui kila mtu. Orodha huchujwa. Familia inayojulikana kwamba iko upande wa pili haipigiwi simu, na mtaa mzima unaweza kubaki gatini ukitazama chombo kikiondoka nusu tupu. Hapo mgombea amekwisha kuchagua nani apige kura kabla yeye mwenyewe hajachaguliwa.

Ibara ya 83 ya Katiba inasema mipango ya uchaguzi iwe ya kumrahisishia raia haki yake ya kupiga kura, isiwe ya kumnyima. Kwangu mimi, visiwani, maana yake ni chombo. Serikali ingeweza kuweka boti za umma siku ile kutoka Amu na Mokowe hadi Pate, Ndau na Kiwayu, kama inavyoweza kuvipeleka vifaa vya kura vijiji hivyohivyo. Naomba wabunge wetu wa Lamu Mashariki na Lamu Magharibi walidai hilo. Wakati tunangoja, tuchange wenyewe. Sisi ni watu wa kuchanga: harusi tunachanga, maziko tunachanga, maulidi yanalisha umati mkubwa kwa michango. Mafuta ya boti kadhaa kwa siku moja hayawezi kutushinda, mradi mfuko ushikwe na watu wa pande zote, orodha ibandikwe wazi, na anayetangulia kuandikwa atangulie kupanda.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mwaka 2022 mwezi ulikuwa karibu kukamilika na maji yalikuwa yakielekea bamvua, yaani kujaa na kutoka sana. Safari hii mwezi utaandama baada ya jua kupatwa tarehe 2, kwa hiyo siku ya kura itaangukia maji mafu, yasiyojaa sana wala kutoka sana. Vyombo vizito vitapata tabu kwenye njia za kina kifupi, na kusi itakuwa palepale. Wenye kujua bahari wakae sasa na vijana watakaojitolea, wapange saa za kutoka Amu, Mokowe na Mtangawanda, wahesabu mafuta, wajue nani ana boti ya faiba na nani ana jahazi. Na nahodha aliye tayari kuweka chombo chake kwenye orodha hiyo aseme na wazee wa mtaa wake mapema, kabla mgombea hajamfikia na pesa za kukikodi siku nzima.