Mtoto asiyeshushwa mgongoni

Rafiki yangu wa Bukavu aliponisimulia riwaya ile, sikutulia mpaka nilipoipata. Mji ulio kando ya ziwa. Hewa yenye sumu imelala chini, inafika kiunoni mwa mtu mzima, wala haiondoki, na watu wanaendelea kuishi humo.

Sisi wa Goma hewa hiyo tuna jina lake: mazuku. Upande wa njia ya Sake, mabonde yaliyo kati ya mawe ya volkano hujaa kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Haionekani, na kwa kuwa ni nzito hutuama chini kama maji. Alfajiri, kabla ya upepo kuanza, mbuzi anaweza kufa pale pale mwenye mbuzi aliposimama mzima.

Kurasa za kwanza zilinikaba. Mama amembeba mtoto mgongoni na hathubutu kumshusha. Nilifunga kitabu, nikawaza: huyu atajifunzia wapi kutambaa?

Mwandishi hakuwaza hilo. Baada ya hapo ile hewa inasahaulika, tunapewa mapenzi ya kijana na binti wa gavana. Watu wanakaa kwenye vigoda. Wanapalilia wameinama, vichwa ndani ya sumu ile. Halafu bibi mmoja anachochea makala (makaa) kwenye mbabula, jiko la makaa, sakafuni, na chakula kinaiva. Ndani ya mazuku moto hauwaki! Kosa hilo liliniuma kwa sababu bibi yule ndiye angebeba kitabu kizima. Apikie wapi? Nani ampandishie mbabula darini? Chumba cha juu kinapangishwa kwa bei gani, na asiyeweza kukilipa analala wapi? Mgonjwa je, akianguka njiani, nani atainama kumwokota?

Tarehe 22 Mei 2021 volkano yetu, Nyiragongo, ilitema moto, na siku 5 baadaye tukaamriwa kuhama. Kwetu nyumbani hakuna aliyezungumzia volkano. Tulibishana nani abebe unga, na kama nyanya ataweza kutembea mpaka Sake. Hofu yote ilikuwa imeingia kwenye mfuko ule wa unga. Hicho ndicho nilichokitafuta kitabuni, sura baada ya sura, nikakikosa.

Mwishoni inaletwa mashine, inafyonza hewa mbaya kwa kurasa mbili, watu wanacheza ngoma. Yule mtoto wa mwanzo hatajwi tena. Bado namfikiria: alishushwa lini, na nani alithubutu?