Si kompyuta inayokausha mto

Wahandisi waliozoea kupima mto kwa miguu yao huzitilia shaka programu za kupangia mitambo midogo ya kufua umeme wa maji, na shaka hiyo ina msingi. Baadhi ya programu hizo husoma kimo cha maporomoko kutoka ramani za mwinuko zilizotengenezwa kwa rada ya chombo cha anga mwaka 2000, ambazo zilikubaliwa kuwa na kosa la wima la hadi mita 16. Penye maporomoko ya mita 20, kosa la mita 5 tu linaondoa robo ya umeme uliotarajiwa. Lazima mtu aende akapime.

Lakini kuzihukumu kwa hilo ni kuzilaumu kwa kazi ambayo si yao. Faida yake kubwa ni kwamba baadhi yake, kama RETScreen ya serikali ya Kanada, zina nafasi ya kuandika kiasi cha maji kitakachoachwa mtoni, nazo hukiondoa kwenye maji ya mto kabla ya kuhesabu umeme. Mpangaji anayeanza na umeme anaoutaka huyaachia mazingira makombo.

Tuchukue mto wenye wastani wa lita 600 kwa sekunde, unaoshuka hadi 200 wakati wa kiangazi. Kwa kigezo cha mtafiti Tennant cha mwaka 1976 kuhusu maji ya kuachwa mtoni, asilimia 10 ya wastani huwatosha viumbe wa majini kunusurika kwa muda mfupi tu, na asilimia 30 huwawezesha kuishi vizuri (kigezo hicho kilitokana na mito ya Marekani, kwa hiyo kwingineko kitumiwe kwa hadhari). Ukiacha lita 60, mtambo unabakiwa na 140. Ukiacha 180, unabakiwa na 20, ambazo pengine hazitoshi hata kuuzungusha. Uamuzi wa kufunga mtambo mdogo zaidi, au kukubali usimame kiangazi, unakuwa mezani kabla banio (ukuta wa kuchepushia maji) halijajengwa, wakati kubadili mawazo bado ni rahisi.

Ni kweli kwamba nafasi hiyo hiyo hupokea sifuri bila kuuliza. Hata hivyo, sifuri iliyoandikwa kwenye faili mkaguzi anaweza kuiona na kuihoji, ilhali iliyobaki kichwani mwa mpangaji huja kuonekana kiangazi, kwenye mawe makavu chini ya banio.